Mokasini za Mama Mkwe

Januari 9

Lisette, mke wangu, kaniletea daftari hili leo akitoka kazini, shuleni. Kasema, "Clovis, yote unayotaka kuniambia kuanzia asubuhi mpaka jioni, yaandike humu." Nikamuuliza kama ni zawadi au adhabu. Akanijibu ni dawa, ila ya kwake yeye.

Basi naandika. Mimi ni dereva wa gari la kukwangua theluji hapa Wendake, kijiji chetu sisi wenyeji wa asili. Barabara zote za kijiji, kutoka kanisani mpaka kule kwenye maporomoko, nimezisafisha miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kuteleza kwangu. Jumatatu nimeteleza mimi mwenyewe, kwenye ngazi za nyumba yangu mwenyewe, mkononi nimeshika mfuko wa takataka. Mguu wa kushoto umevunjika. Nimefungwa hogo jeupe kutoka vidoleni mpaka gotini, na nje theluji inaporomoka kana kwamba imepata habari.

Januari 10

Theluji. Gari langu anaendesha Normand, mwenzangu wa kazini. Kanipigia simu kuniambia kiti changu ni kizuri sana. Nimemkatia.

Januari 12, Jumapili

Lisette kaenda kanisani, nimebaki na mama mkwe. Anaitwa Exilda, na tangu alipohamia kwenye chumba cha nyuma ya jiko hajawahi kuniambia jambo moja kwa moja. Hupitishia kwa binti yake. "Lisette, mwambie huyu apunguze redio." Nami nimekaa ubavuni kwake, mkono wangu uko juu ya redio.

Leo Lisette hayupo. Nilikuwa na hamu ya kuona atafanyaje. Alimwambia paka.

Paka hakuniambia kitu, kwa hiyo sikupunguza.

Januari 16

Tumepata mgeni. Ni dada wa makumbusho ya mjini, anaitwa Anouk, mwenye miwani iliyojaa ukungu wa baridi hata akalisalimia kabati kabla ya kutuona sisi. Alikuja kwa mama mkwe.

"Mama Exilda," alisema, "tuna jozi moja ya mokasini, vile viatu vya ngozi vya hapa kwenu. Nyeusi, za zamani sana, zimepambwa kwa miiba ya nungunungu. Zimelala ghalani miaka mingi. Aprili tunazitoa watu wazione. Tungependa ziwe na wenzao pembeni, jozi mpya, ya sasa, ya mkono wa mtu wa hapa."

"Washonaji wako wengi."

"Kila niliyemuuliza kaniambia niende kwa Exilda."

"Waongo hao. Wanajua nina ulimi mbaya, wanataka unikome."

Anouk akacheka. Mama mkwe hakucheka. Alikaa wima, mikono kaificha ndani ya shali, chai yake inapoa mbele yake. Mwisho akasema hapana, na hapana yake haina mlango wa nyuma. Yule dada akaaga kwa adabu, akaacha namba yake ya simu chini ya kikombe.

Mtu aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mokasini tangu usichana wake, na miiba anayo imejaa kwenye chupa huko chumbani, rangi zote! Roho ngumu tu. Nimemwambia Lisette hivyo. Kaniambia niandike kwenye daftari.

Januari 17

Baridi ya kupasua misumari. Hakuna la kuandika. Nimeandika.

Januari 21

Leo limetokea jambo.

Lisette alikuwa kazini. Nilikuwa nimelala kwenye kochi, mguu juu ya mito, naangalia marudio ya mechi ya hoki ambayo matokeo yake nayajua. Mama mkwe akatoka chumbani na kipande kikubwa cha ngozi ya kulungu begani, nyeusi, laini kama kitambaa. Akaitupa mezani. Akazima televisheni. Akanitazama usoni.

"Njoo hapa," alisema.

Niligeuka kumtafuta paka.

"Wewe, Clovis. Njoo."

Nikaenda kwa magongo yangu. Akatoa mikono kwenye shali, akaiweka juu ya ngozi, akaniacha nitazame. Ilikuwa inatetemeka. Si kama ya mtu mwenye baridi. Ilitetemeka kama dirisha gari langu likipita, yote miwili, yenyewe tu, yeye katulia.

"Tangu mwaka jana," alisema. "Lisette hajui, na hatajua. Nikimwambia ataanza kunikatia nyama kwenye sahani."

"Ndiyo maana ulimkatalia yule dada."

"Nilimkatalia kwa sababu sina mikono. Halafu nimekaa siku hizi zote nikitazama mikono miwili mikubwa imelala kwenye kochi haina kazi."

Nilimwambia mimi sijawahi hata kushona kifungo. Akasema anajua, shati zangu kaziona. Nikamuuliza, je, haoni shida kuniambia mimi siri hiyo?

"Sioni aibu mbele yako," alisema, "kama nisivyoona aibu mbele ya jiko."

Sijui kwa nini nimekubali. Labda kwa sababu ile mechi tulifungwa.

Januari 23

Miiba ya nungunungu lazima ilainike ndipo ishonwe. Inalainishwa mdomoni. Unaweka kadhaa shavuni, unaisubiri, kisha unaitoa mmoja mmoja ukiubana kwa meno ili ulale bapa. Anasema bibi zake wote walifanya hivyo na ndiyo maana walijua kunyamaza.

Nimejichoma ulimi. Alifurahi mno.

"Sasa nyumba imepata amani," alisema.

Januari 24

Ulimi umevimba. Lisette kaniuliza nina nini. Nimesema supu ilikuwa ya moto.

Januari 28

Normand kaja kunitembelea bila kupiga simu. Kanikuta mezani, miiba myekundu na ya manjano imenitokeza mdomoni kama sharubu.

"Mungu wangu, Clovis! Umemla nungunungu mzima mzima?"

Sikuweza kumjibu, mdomo ulijaa. Mama mkwe akamjibu kwa niaba yangu: "Mkwe wangu anafanya kazi. Wewe unafanya nini? Jana umeacha lundo la theluji mbele ya mlango wa kanisa. Padri kapita dirishani."

Normand akavaa kofia akaondoka. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa na habari zangu. Dada yangu kanipigia simu kuuliza kama nahitaji sketi.

Lakini nimelala nikiifikiria ile "mkwe wangu anafanya kazi".

Februari 2

Lisette anadhani mama yake ndiye anayeshona, mimi namshikia vitu tu. Akisikika mlangoni, mimi nasukuma kazi upande wa mama, naye anaweka mikono chini ya meza na kuanza kunigombeza. Kugombeza kwenyewe hakuhitaji maandalizi.

Februari 6

Nitaeleza kazi yenyewe, maana imeanza kunikaa kichwani hata nikila.

Unapitisha nyuzi mbili za kano juu ya ngozi, sambamba. Mwiba uliolainika unaukunja juu ya uzi wa kwanza, unaupitisha chini ya wa pili, unaukunja tena, unarudi, kama njia inayopanda mlima kwa kona. Kila mkunjo unaushikilia kwa mshono mmoja mdogo. Na huo mshono usitoboe ngozi mpaka upande wa pili! Unakwenda ndani ya unene wa ngozi na kutoka palepale juu. Ukitoboa mpaka ndani, mguu wa mvaaji utasugua uzi, uzi utakatika, pambo lote litafumuka.

Nimetoboa mpaka ndani. Nimetoboa tena. Nimetoboa hata subana, kile kikofia cha kukinga kidole.

Yeye anakaa karibu, kidevu karibu kigusane na bega langu. Hawezi kunionyesha, kwa hiyo inabidi aseme. Na mwanamke huyu ambaye miaka yote hakunipa hata habari za hali ya hewa sasa anasema kutwa nzima. "Vuta. Usivute hivyo, si kamba ya ng'ombe. Legeza. Mwiba una tumbo na mgongo, tazama, tumbo liende chini. Pumua, Clovis, unashona, hujifungui."

Ananipa na hadithi katikati. Kiwandani walikuwa wakishindana kuimba kushinda mashine. Mume wake alikuja kumposa akiwa amevaa mokasini alizoshona yeye Exilda bila kujua ni za nani, na yeye alipoutambua mshono wake alimwambia, "Wewe tayari nimekuvalisha."

Sikujua hadithi hiyo. Nimekaa nyumba moja na mtu huyu sikuijua.

Februari 9

Miiba hamsini ya njano nimeilainisha leo, sijajichoma hata mara moja.

Februari 13

Kiatu cha kulia kimekamilika juu. Njia ya miiba inazunguka mbele ya vidole, nyeupe na nyekundu, na jani dogo la bluu kila upande. Yale majani na sehemu kubwa ya hiyo njia kafanya yeye. Ndiyo. Asubuhi, akiamka tu, kabla ya chai, mikono yake hutulia kitambo kidogo, na huo muda anautumia wote. Nilimkuta amekaa dirishani, hapumui, sindano inakwenda taratibu kama mtu anayevuka barafu nyembamba. Nilirudi kitandani na magongo yangu kimyakimya.

Akaniambia baadaye kiatu cha kulia kina mkono wake mwingi kuliko wangu. Cha kushoto kitakuwa changu.

Februari 19

Nina hasira na nitaandika mpaka ziishe.

Wiki nzima nimeshona kiatu cha kushoto. Mgongo unaniuma, macho yananiuma. Njia yangu ilikuwa imefika katikati ya vidole. Kweli ilipinda kidogo mahali fulani, lakini ukikaa mbali huoni. Leo nilipotoka kuoga nimekuta mama mkwe kakaa na mkasi. Kakata kila kitu. Miiba yangu yote iko mezani imetawanyika kama mabaki ya samaki.

"Ulipinda," alisema.

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia ungebisha. Unabisha na redio."

Nikamwambia maneno. Kwamba mimi si kijana wake wa kiwandani. Kwamba kama alitaka mikono asiyohitaji kuiheshimu angenunua mashine. Kwamba mtu anaweza kufa katika nyumba hii asisikie "asante" hata ya bahati mbaya. Nilipaza sauti mpaka paka akaondoka.

Aliinuka, mikono ikatetemeka hata mkasi ukaanguka, nami sikuuokota. Akafunga mlango wa chumba chake.

Na upepo umeanza.

Februari 20

Tufani ya theluji. Shule zimefungwa, Lisette yuko nyumbani. Mama yake hatoki chumbani. "Umemfanya nini mama?" "Muulize amenifanya nini yeye." "Nyie wawili ni kama watoto." Normand yuko nje na gari langu, taa zinapita zikipotea.

Februari 21

Tufani bado. Kala chakula chake chumbani. Lisette kapika sagamite, mahindi na maharage na nyama ya kulungu, sufuria kubwa, anajua sote tunaipenda. Tumekula kila mtu kona yake.

Februari 22

Upepo umenyamaza. Theluji imefika kwenye madirisha, nyumba ina mwanga wa buluu kama ndani ya chupa.

Leo sikuwa na la kufanya. Nilikaa mezani nikaitazama ile ngozi. Mishono aliyoikata ilikuwa imeacha vitundu vidogo, nikaifuata kwa kidole. Mahali ilipopinda ilikuwa ni pale niliposhona nikisikiliza hoki. Alikuwa na haki. Si namna yake, ila haki alikuwa nayo. Mtu aliyeshona maisha yake yote, akikaa kutwa ana ua zuri akilini na hana vidole vya kulitoa, anategemea vidole vya dereva anayesikiliza hoki. Mimi gari langu anaendesha Normand kwa majuma machache tu na tayari sipati usingizi.

Nikatia miiba mdomoni nikaanza upya. Redio sikuifungua.

Februari 25

Asubuhi nilikuta kiatu cha kushoto kimehamishwa kutoka mezani. Kilikuwa mapajani mwake, dirishani. Alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya njia yangu mpya, polepole, kwenda na kurudi.

"Bado inapinda," alisema.

"Najua."

"Kidogo."

"Najua, Mama."

Kisha akasema, "Nilikata kwa sababu niliogopa. Nilifikiri watu watakitazama watasema, Exilda kaisha." Akanirudishia kiatu. "Mkasi ule uliniuma mimi zaidi kuliko ulivyokuuma wewe. Lakini wewe unapiga kelele vizuri zaidi."

Hiyo ndiyo samahani niliyopata, na nimeipokea nzima.

Halafu akasema, "Mpigie simu yule mwenye miwani. Mwambie nimekubali, na nataka kwenda kuziona zile za zamani."

Miaka yote amekataa kwenda makumbusho. Husema hataki kuwaona wazee wake wamelazwa kwenye droo.

Machi 4

Tumeziona.

Lisette ndiye aliyetupeleka mjini. Anouk alitupokea mlango wa nyuma, akatupitisha kwenye korido ndefu yenye ubaridi wa namna yake, si wa nje, hadi chumba chenye makabati ya chuma. Akatupa glavu. Alituambia zamani watu wa makumbusho walipulizia vitu vya ngozi dawa kali ya kuua wadudu, na sumu yake bado ipo, kwa hiyo tusiguse kwa mikono mitupu wala kusogeza pua.

"Nataka kunusa moshi wa ngozi," alisema mama.

"Samahani sana, Mama Exilda. Ni sumu kweli."

"Binti, nimekula anachopika huyu mkwe wangu tangu avunjike mguu. Sumu gani tena itaniua?"

Anouk akacheka mpaka akavua miwani, lakini droo aliyoitoa kabatini aliisogeza mbali kidogo.

Akaifunua. Zilikuwa ndogo kuliko nilivyowaza. Nyeusi, zimelala kwenye karatasi laini, na vikengele vya bati kwenye kingo, kila kimoja na kishungi cha manyoya mekundu. Miiba yake imefifia, lakini nyeupe bado ilikuwa nyeupe. Nilikuwa najua sasa kila mkunjo umechukua nini. Niliusikia mdomoni.

Mama akanyoosha mikono yenye glavu ili azishike. Akasahau. Lisette alikuwa amesimama pale pale. Mikono ikatetemeka juu ya droo, glavu nyeupe zile zikionekana zaidi kuliko mikono mitupu, na hakukuwa na shali wala meza ya kuificha.

Lisette alitazama mikono. Akanitazama mimi. Nikatazama dari. Kisha akasogea nyuma ya mama yake, akamshika viwiko vyote viwili kwa chini, kama unavyomshika mtu anayejifunza kuteleza kwenye barafu, na mikono ikatulia vya kutosha. Hivyo ndivyo Mama Exilda alivyokishika kiatu cha kwanza.

"Unanishika muda gani?" alimuuliza bila kugeuka.

"Mpaka umalize, Mama."

Alikigeuza huku na huku. Akakirudisha, akachukua cha pili. Akakunja uso. Akavirudia. Halafu akaanza kucheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha tumboni, hata Lisette akaogopa atakiangusha.

"Clovis! Njoo utazame. Tazama hiki. Sasa tazama hiki."

Nikatazama. Kiatu cha kulia, njia ya miiba ilikwenda safi kama mstari wa rula. Cha kushoto, karibu na kidole gumba, ilipinda. Kidogo. Halafu ikajirudi.

"Ni watu wawili," alisema. "Mmoja anajua, mwingine anajifunza. Na aliyejua hakukata!" Akaniangalia, macho yamejaa maji na bado anacheka. "Aliyejua hakukata, Clovis."

Anouk akasogeza taa, akainama mpaka miwani ikakaribia kugusa. Alisema ameviandika viatu hivi, amevipima, amevipiga picha, na hilo la watu wawili hakulifikiria. Kisha naye akatupa lake. "Ngoja niwaonyeshe kitu ninachokipenda mimi." Akakigeuza kiatu kichwa chini, akalaza taa pembeni. "Wengi wa wakati ule walishona ili kuuza kwa wageni, na wageni waliweka kabatini, nyayo safi kabisa. Lakini tazama hizi."

Nyayo zilikuwa zimelika. Chini ya vidole, ngozi ilikuwa nyembamba, inang'aa, na kisigino kimoja kilikuwa na kiraka kidogo.

"Mtu alitembea nazo," alisema Anouk.

"Huku mbele kumelika kuliko kisigino," alisema mama. "Huyu hakuwa anatembea. Alikuwa anacheza ngoma."

Njiani kurudi mama alimweleza Lisette yote, hata lile la kukatiwa nyama, mpaka tulipovuka daraja. Kisha Lisette akasema, akiangalia barabara, "Nyama sitakukatia, Mama."

"Vizuri."

"Lakini siku nyingine usimwambie Clovis kabla yangu. Clovis! Kati ya watu wote!"

"Kumbe hajakuambia," alisema mama. "Nilidhani hataweza kukaa nayo hata siku moja."

Machi 5

Hatukati. Mpindo wangu unabaki.

Machi 12

Sasa tuko watatu mezani jioni. Lisette analainisha miiba. Amejichoma ulimi. Mama na mimi tulifurahi sana.

Machi 18

Hogo limetolewa! Mguu ni mwembamba, mweupe, una manyoya kama wa kuku aliyenyonyolewa vibaya. Daktari anasema nitembee kila siku. Normand kaniletea funguo za gari, kaziweka mezani kwa heshima, halafu akauliza kama anaweza kujaribu kushona kidogo. Mama kamtazama vidole. "Osha kwanza," kamwambia.

Machi 24

Mchana maji yanatiririka, usiku yanaganda. Watu wako msituni wanachemsha utomvu mtamu wa miti wapate sukari, harufu ya sukari imeshuka mpaka barabarani. Tumeshona vikengele vya bati kwenye kingo. Ukivitikisa viatu vinanong'ona.

Machi 30

Zimekwisha. Nilidhani tutapiga kelele. Tumekaa tu tukazitazama, chai ikapoa.

Nimemuuliza amekata ngozi kwa kipimo cha mguu wa nani. Kasema wake.

Aprili 11

Ufunguzi ulikuwa leo. Naandika ningali na tai shingoni.

Tulifika mapema. Uwanja wa magari nyuma ya makumbusho ulikuwa matope matupu, theluji nyeusi ya mwisho imerundikwa pembeni, jua kali, maji kila mahali. Ndugu zetu wengi wa kijijini walikuja, ukoo wa Kobe wa mama, ukoo wa Mbwa Mwitu wangu mimi, na wengine. Lisette alikuwa na boksi la mokasini mikononi. Anouk alitoka kutupokea, amevaa viatu vya kisigino kirefu.

"Kwe, kwe!" akatusalimia kwa lugha yetu. "Karibuni! Nipeni nikaziweke, wageni wakubwa wameanza kuingia."

"Bado," alisema mama.

Akakaa kwenye ukingo wa kiti cha gari letu, mlango wazi. Akavua buti zake. Akaninyooshea mguu.

"Nivalishe, Clovis."

Nikapiga goti kwenye matope, na suti yangu. Nikamvalisha kile cha kulia, kisha kile cha kushoto. Vilimkaa kama ngozi yake mwenyewe.

"Mama Exilda," alisema Anouk taratibu, "kuna matope."

"Naona. Nina macho mazima, mikono tu ndiyo imeharibika."

Akanishika mkono akasimama. Mwanamume mmoja wa kijijini alikuwa na ngoma yake tayari kwa ajili ya sherehe ya ndani. Mama akamwinulia kidevu. Jamaa akaelewa, akaanza.

Alicheza. Hatua fupi fupi, karibu na ardhi, mgongo wima. Vikengele vikaanza kulia. Aliniburuta nami nikacheza na mguu wangu wa kuku, nikichechemea, na kila nilipokosa hatua alinambia, "Pumua!" Lisette akaingia upande wa pili. Dada yangu aliyetaka kunipa sketi akaingia. Normand akaingia na akacheza vibaya kuliko wote. Tukawa mzunguko mzima, tunarushiana matope, watu wa mjini wamejaa madirishani na glasi mikononi. Nikamtazama Anouk. Alikuwa amesimama pembeni, mikono mdomoni. Kisha akavua vile viatu vya kisigino, akaviacha juu ya rundo la theluji, akaingia.

Ngoma iliponyamaza mama alikuwa anahema na uso wake mwekundu kama wa msichana. Akakaa, akanipa miguu nimvue. Nyayo zilikuwa zimelowa, tope limeingia kwenye mshono wa kisigino. Miiba haikuguswa hata na tone. Alinikabidhi zile mokasini, na mimi nikamkabidhi Anouk.

"Sasa ni viatu," alisema mama. "Zikazione zile za zamani, zisijione ziko peke yao."

Anouk alizipokea kwa mikono miwili. Hakuzifuta. Alizibeba kwenda ndani hivyo hivyo, matone yakidondoka kwenye sakafu ile safi nyuma yake, na yule bwana wa mlangoni akampisha.

Tukamfuata. Ukumbi umejaa, watu wa serikali, makoti mazuri, mtu anahutubia kwa sauti ya redio. Tulikuwa tumefika mbele kabisa, mbele ya kabati la kioo, ndipo nikaangalia chini nikagundua buti za mama zimebaki kwenye gari. Alikuwa amesimama mbele ya wakubwa wote na soksi za sufu nyekundu, zimelowa, kila hatua imeacha alama ya maji.

Aliona ninapoangalia. Akaangalia naye. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikaona shingo ya mama mkwe wangu inaanza kuinama.

Mhutubiaji akatamka jina lake. Watu wote wakageuka.

Nikainama, nikafungua kamba, nikavua viatu vyangu vyeusi vya harusi na mazishi, nikavisukuma chini ya kabati. Soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kiko nje chote. Nikasimama ubavuni kwake.

Alikitazama kidole changu kwa muda. Kisha akainua kichwa, akanishika mkono, na tukasogea mbele pamoja.

"Huyu anaitwa Clovis," aliuambia ukumbi, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. "Cha kushoto ni chake."